Siku Moja Kabla ya Mkataba Kwisha: Jenerali Montgomery Mbele ya Quebec, Desemba 1775

Ukitaka kumwelewa Jenerali Richard Montgomery, aliyewaongoza Wamarekani walioasi utawala wa Uingereza, anzia kwenye kalenda. Ikifika tarehe 1 Januari 1776, askari wengi aliokuwa nao nje ya ukuta wa Quebec, mji wa Kanada uliokuwa mikononi mwa Waingereza, hasa watu wa New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki, waliokuja na ofisa mwenzake Benedict Arnold, walikuwa huru kufunga virago na kurudi makwao. Walijiandikisha kutumika hadi mwisho wa mwaka, na mwaka ulikuwa unakwisha. Wengi walikwisha kusema waziwazi kwamba siku ikifika hawalali tena kwenye baridi ile. Montgomery aliushambulia mji alfajiri ya tarehe 31 Desemba, katikati ya tufani ya theluji, na kabla hapajakucha alikuwa maiti.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wengine wanamfanya shahidi wa uhuru wa Marekani, na hawaulizi zaidi ya hapo. Wengine wanamwona mtu wa pupa aliyewapeleka watu machinjoni usiku wa barafu. Kwangu mimi masimulizi yote mawili yanamkosea. Uamuzi wa kushambulia ulikuwa na hoja nzito, na kila nikiupima nashindwa kuona angefanya nini kingine. Kosa lake lilikuja mwishoni kabisa, alipoamua nani atangulie mbele na nani abaki nyuma. Kosa hilo ndilo linalonisumbua.

Mtu mwenyewe

Montgomery alizaliwa Desemba 1738 karibu na Swords, kaskazini ya Dublin, nchini Ayalandi. Baba yake, Thomas Montgomery, alikuwa mbunge wa Lifford katika Bunge la Ayalandi. Kijana alisoma Trinity College, Dublin, bila kumaliza, na mwaka 1756 akaingia jeshi la Uingereza, katika Kikosi cha 17 cha askari wa miguu. Ilikuwa ndiyo kwanza Vita vya Miaka Saba vinaanza. Alipigana Louisbourg mwaka 1758, Ziwa Champlain mwaka 1759, Montreal mwaka 1760, kisha akapelekwa visiwa vya Karibiani, Martinique na Havana, mwaka 1762, ambako homa iliwamaliza askari kuliko risasi. Akawa kapteni. Na hapo cheo kikakwama.

Miaka kumi ilipita akiwa kapteni. Aliporudi Uingereza alifanya urafiki na wanasiasa waliokuwa wakiitetea Marekani bungeni: Edmund Burke na Isaac Barré, wote wawili wazaliwa wa Dublin kama yeye, na Charles James Fox. Alipotaka kupanda cheo akarukwa. Jeshini enzi hizo vyeo vya maofisa vilinunuliwa na kuuzwa kama watu wanavyouziana viwanja, basi mwaka 1772 akauza chake, akavuka bahari hadi New York, akanunua shamba. Julai 1773 alimwoa Janet Livingston, binti wa moja ya koo tajiri kabisa kando ya Mto Hudson, wakahamia Rhinebeck na kuanza kujenga nyumba. Barua zake za wakati huo ni za mtu aliyechoka na bunduki, anayetaka kulima na kutulia.

Hakuachwa atulie. Juni 1775 Kongresi, baraza la makoloni yaliyoasi lililokaa Philadelphia, ilimteua kuwa brigedia jenerali, wa pili katika orodha ya wanane. Alikuwa na miaka mitatu tu katika nchi hiyo. Jeshi jipya lilijaa wakulima, mafundi na wauza duka, na mtu aliyewahi kuona mji ukizingirwa kwa macho yake alikuwa lulu.

Upande wa pili wa ukuta wa Quebec, gavana aliyeulinda mji alikuwa Guy Carleton, naye mzaliwa wa Ayalandi, wa mji wa Strabane. Strabane na Lifford, jimbo la ubunge la mzee Montgomery, zinatazamana. Katikati kuna mto tu. Wote wawili walikuwako Havana mwaka 1762 katika jeshi moja. Carleton alikuwa pia chini ya Jenerali Wolfe mwaka 1759 Waingereza walipoitwaa Quebec hii hii kutoka kwa Wafaransa. Siku ile aliona kwa macho yake jinsi Montcalm, kamanda wa Kifaransa, alivyotoka nje ya ukuta kwenda kupigana uwanjani, akapoteza mji na maisha. Carleton hakuisahau siku hiyo. Kwa hiyo mwaka 1775 alikuwa na mpango mmoja: kukaa ndani.

Jinsi muda ulivyoliwa

Kampeni ya Kanada, ya Wamarekani kuwanyang'anya Waingereza mkoa huo, ilipaswa kuwa ya kiangazi. Mkuu wake alikuwa Philip Schuyler, lakini Schuyler aliugua, na mzigo wote ukamwangukia Montgomery. Kizuizi cha kwanza kilikuwa ngome ya St. Jean kwenye Mto Richelieu, njia ya kwenda Montreal. Alianza kuizingira katikati ya Septemba. Ikaanguka tarehe 3 Novemba. Karibu wiki saba kwa ngome moja!

Wiki saba hizo zilipotea wapi? Eneo lilikuwa la kinamasi, askari waliugua, baruti ilikuwa haba hadi ngome ndogo ya Chambly ilipotekwa Oktoba na kuwapa akiba. Zaidi ya hayo, jeshi lenyewe halikuzoea kuamriwa. Montgomery alichagua mahali pa kuweka mizinga, maofisa wake wakakataa, ikabidi aitishe kikao na kukubali matakwa yao. Jenerali aliyekulia katika jeshi la mfalme, ambamo askari anachapwa viboko kwa kujibu vibaya, sasa alikuwa akibembeleza. Aliandika kwa uchungu kwamba askari wake wa kawaida wote ni majenerali, ila askari hakuna.

Kuna tukio moja la St. Jean linaloonyesha alivyokuwa. Waingereza waliposalimu amri, aliwaahidi kwamba wataondoka na nguo zao. Askari wake, waliokuwa wakitetemeka kwa baridi, waliona mateka wakitembea na makoti mazito wakakasirika karibu kuasi. Wenye nguo ni waliotekwa, walioshinda wako uchi! Montgomery alikataa katakata. Ahadi ni ahadi, alisema, na hatalivunjia jeshi lake heshima kwa ajili ya makoti. Nampenda kwa hilo. Lakini pia naona bei yake, kwa sababu ili wasiondoke mara moja aliwaahidi nao jambo: wakishaingia Montreal, anayetaka kurudi nyumbani arudi. Montreal ilisalimu amri tarehe 13 Novemba, kukiwa na ghala la nguo za baridi za jeshi la Uingereza, na watu wakaidai ahadi yao. Naye akaitimiza. Wengi wakaenda.

Carleton alikuwa Montreal, na aliponea chupuchupu kwa kuteremka mto usiku kwa mashua hadi Quebec. Kama St. Jean ingeanguka Septemba, huenda angekamatwa. Hilo nalo lilikuwa deni la wiki saba zile.

Wakati huo Arnold alikuwa amepita msituni Maine na watu wapatao 1,100, safari mbaya kiasi kwamba waliofika Mto St. Lawrence walikuwa 600 na kitu, wengine wamekula mbwa na ngozi za viatu. Walifika mbele ya Quebec katikati ya Novemba bila mizinga, wakasubiri. Montgomery aliwafikia mwanzoni mwa Desemba akiwa na watu wapatao 300 na zile nguo za Montreal. Mkoa mzima alikuwa ameuteka, na hiyo ndiyo idadi iliyobaki mkononi mwake.

Mbele ya ukuta

Ndani ya mji Carleton alikuwa na watetezi wapatao 1,800: askari wachache wa kawaida, Waskoti waliohamia Amerika na kuandikishwa na Allan Maclean, mabaharia walioshushwa melini, na wanamgambo wa Kiingereza na wa Kifaransa. Nje, ukijumlisha watu wa Montgomery, wa Arnold na wale Wakanada waliojiunga nao, ungepata elfu moja na kidogo. Kwa hesabu ya kawaida ya vita, anayeshambulia ukuta ndiye anayepaswa kuwa wengi. Hapa ilikuwa kinyume.

Montgomery alijaribu maneno kwanza. Carleton alikataa hata kupokea barua, kwa maelezo kwamba hasemezani na waasi. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja alipofanikiwa kupenya na barua hadi mbele yake, Carleton alimwita mvulana mpiga ngoma, akamwamuru aishike barua kwa koleo la mekoni na kuitupa motoni. Hakutaka hata mkono wa mtoto uiguse.

Kisha mizinga. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, handaki halichimbiki. Basi askari wakajaza theluji ndani ya vikapu vikubwa, wakaimwagia maji, baridi ya usiku ikaifanya barafu, na nyuma ya ukuta huo wa barafu wakapanga mizinga yao. Fikiria kazi hiyo: usiku, upepo, maji yanaganda mikononi. Asubuhi mizinga ya mji, mikubwa kuliko yao, ikapiga, na ile barafu ikapasuka kama vioo. Vipande vyake vikawa hatari sawa na risasi. Mizinga midogo ya Montgomery haikuukwaruza ukuta.

Nadhani mwenyewe alilijua hilo tangu mwanzo. Mapema Desemba alimwandikia Schuyler kwamba atamshughulisha Carleton kwa mizinga na maandalizi ya kuzingira, lakini nia yake hasa ni kuvamia, na pengine upande wa Mji wa Chini, ule ulio kando ya mto, penye udhaifu zaidi. Kwa hiyo aliyedhani alikurupuka dakika za mwisho asome tena. Alikuwa na wazo hilo mwezi mzima.

Tumpimie njia nyingine alizokuwa nazo.

Angeweza kusubiri, auzingire mji hadi njaa iwatoe. Lakini Mto St. Lawrence ukiyeyuka wakati wa machipuko, meli za Uingereza zingepanda na askari na chakula. Njaa isingefika kabla ya meli. Na nani wa kusubiri naye? Tarehe 1 Januari nusu ya jeshi ingekuwa njiani kurudi. Aidha ndui ilikwisha kuingia kambini, inawalaza watu kila siku. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa ilikuwa inaua.

Angeweza kurudi Montreal, aishikilie, aombe askari wapya. Hili wengi hulisema, nami naliheshimu kuliko mengine. Lakini wakulima wa Kifaransa wa Kanada walikuwa wamekaa kando wakiangalia upepo. Sheria ya Quebec ya mwaka 1774 ilikuwa imewapa Wakatoliki uhuru wa dini yao, na Askofu Briand aliwatangazia waumini kwamba atakayewasaidia waasi hapewi sakramenti. Waliokuwa na moyo wa kuwasaidia Wamarekani walisaidia kwa sababu Wamarekani walikuwa wanashinda. Zaidi ya hapo, jeshi lilikuwa linaishi kwa kununua chakula kwa wakulima hao, na fedha ya sarafu ilikuwa inakwisha. Noti za Kongresi mkulima wa Kanada hakuzitaka. Jeshi linalorudi nyuma, halina sarafu, linaombaomba unga nyumba hadi nyumba, lingepokelewa vipi?

Angeweza kuwabembeleza askari waongeze muda. Alijaribu. Kwanza ilibidi amalize ugomvi: makapteni watatu wa Arnold walikuwa hawataki tena kuongozwa naye, wakataka wahamishwe, na siku chache kabla ya Krismasi jeshi dogo lile lilikuwa karibu kupasuka vipande. Montgomery alizungumza nao, akawatuliza, wakabaki. Kwa siku chache. Alikuwa mrefu, mwembamba, uso wenye alama za ndui, na watu waliomsikia siku zile waliandika kwamba alijua kusema na askari. Lakini maneno hayakuihamisha tarehe.

Ikabaki kuvamia. Liwalo na liwe. Katika barua zake alikiri kwamba ushindi wa Wolfe mwaka 1759 ulikuwa bahati juu ya bahati. Maana yake alijua kabisa kwamba anacheza pata potea. Alichokuwa akipima ni kama kutocheza kungekuwa na hasara ndogo zaidi, na mimi nikiangalia mezani pake pale Desemba 1775, siioni hasara hiyo ndogo.

Usiku wenyewe

Mpango ulihitaji giza na dhoruba ya theluji ili walinzi wasione. Walikuwa tayari tarehe 27, mbingu zikafunguka, nyota zikatoka, wakaahirisha. Katika siku hizo askari mmoja akatoroka na kuingia mjini na siri yote. Montgomery akabadili mpango. Vikosi viwili vidogo vingefanya shambulio la hadaa upande wa Mji wa Juu. Yeye angetokea kusini, akipita ufukweni chini ya jabali la Cape Diamond. Arnold angetokea kaskazini na watu 600 kupitia kitongoji cha Saint-Roch. Wakutane katikati ya Mji wa Chini, kisha wapande juu pamoja.

Usiku wa tarehe 30 theluji ikaja kwa upepo mkali. Kwa kuwa wengi walikuwa wamevaa makoti ya Kiingereza yaliyotoka Montreal, ilibidi wawe na alama ya kutambuana: wengine walichomeka kikaratasi kwenye kofia, wengine kijitawi cha msonobari. Kapteni John Macpherson, msaidizi wa Montgomery, alikuwa ameandika barua ya kumuaga baba yake, ipelekwe tu iwapo atakufa.

Kabla ya alfajiri fataki za ishara zilirushwa ili vikosi vyote vianze. Kwa Montgomery zilirushwa mapema mno. Ofisa wa zamu mjini, Malcolm Fraser, aliziona, akakimbia mitaani akipiga kelele, kengele za makanisa zikalia, mji mzima ukaamka. Wakati huo Montgomery na watu wake 300 walikuwa bado ufukweni, kwenye kijia chembamba chenye jabali mkono wa kushoto na mto mkono wa kulia. Maji ya mto yanapokupwa na kujaa husukuma mapande ya barafu ufukweni na kuyarundika juu ya kijia. Watu waliyapanda na kuyashuka na ngazi begani, mmojammoja, upepo wa theluji ukiwapiga usoni. Karibu kilomita 3 za namna hiyo. Safu ilinyooka sana. Waliokuwa mbele hawakujua wa nyuma wako wapi.

Walifika kwenye uzio wa kwanza wa magogo. Hapakuwa na mlinzi. Mafundi seremala wakaukata kwa msumeno. Uzio wa pili pia ukakatwa, upenyo wa kupita watu wachache. Mbele yao, gizani, palikuwa na nyumba ya ulinzi mahali paitwapo Près-de-Ville. Ndani yake walikuwamo watu wasiofika 50, wanamgambo na mabaharia, na mizinga midogo iliyokwisha kujazwa marisau, zile risasi ndogo nyingi zinazotawanyika. Walimwacha adui asogee. Wakafyatua.

Aliyekuwa mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa mzinga, alikuwa Jenerali Montgomery mwenyewe. Alipigwa kichwani na mapajani, akafa papo hapo. Macpherson alianguka kando yake. Kapteni Jacob Cheeseman akaanguka, na wengine kadhaa. Aaron Burr, kijana wa miaka 19 aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa nao na akanusurika.

Amri ikawa ya Kanali Donald Campbell, naibu mkuu wa ugavi. Mtu wa ghala na mikokoteni. Naye akaamuru warudi. Wakarudi njia ileile, na safu iliyokuwa nyuma haikupiga hata risasi moja.

Upande wa kaskazini Arnold alikuwa amepigwa risasi mguuni na kubebwa nyuma. Daniel Morgan wa Virginia akashika uongozi, akapanda ngazi mwenyewe, akavunja kizuizi cha kwanza. Njia ya kuingia Mji wa Chini ilikuwa karibu wazi. Lakini mpango ulisema wamsubiri Montgomery, maofisa wenzake wakamshauri asubiri, akasubiri. Walimsubiri mtu aliyekwisha kufunikwa na theluji. Carleton akatumia muda huo kutoa askari kwa lango la nyuma na kuwafungia Wamarekani katikati ya mtaa. Zaidi ya 400 walitekwa, Morgan akiwamo.

Kosa liko wapi

Nimesema kosa lake lilikuwa mwishoni. Kwa nini jenerali wa jeshi zima awe mtu wa kwanza kupita kwenye tundu la uzio?

Jibu jepesi ni ushujaa, na alikuwa jasiri bila shaka. Lakini nadhani jibu la kweli limo katika miezi minne iliyotangulia. Huyu ni mtu aliyepigiwa kura na maofisa wake mahali pa kuweka mizinga. Aliona watu wakiondoka mbele ya macho yake, akajifunza kwamba katika jeshi hili amri haitoshi. Watu wanakwenda pale tu wanapomwona mkubwa anatangulia. Walikuwa askari wa siku moja iliyobaki. Nani angemfuata nani kuelekea mzinga usiku wa manane, na kesho yake ni huru? Akaamua awavute kwa mgongo wake mwenyewe. Naielewa sababu hiyo hadi moyoni.

Lakini kuielewa hakuifanyi kuwa sahihi. Alikwenda mbele na wasaidizi wake wote waliokuwa na moyo na akili ya mapigano, wakakusanyika hatua chache kutoka mzinga mmoja. Mlio mmoja ukakata kichwa cha jeshi lote. Nyuma yake hakumwacha mtu wa kuendeleza. Campbell amelaumiwa kwa karne mbili na nusu, na simtetei, lakini nani alimweka mahali pa kurithi amri? Kama Montgomery angekuwa hatua 50 nyuma na Cheeseman au Macpherson akatangulia, wangekufa hao, jambo la kuhuzunisha vilevile, ila sauti ya kusema "tena!" ingebaki. Nyumba ile ilikuwa na watu wasiofika 50, na bunduki na mizinga ya zama hizo huchukua muda kujazwa upya. Watu 200 na kitu walikuwa bado kwenye kijia. Morgan alikuwa ameingia upande wa pili anasubiri.

Mji ungetekwa? Labda usingetekwa. Carleton alikuwa amekwisha kuamka na Mji wa Juu una ukuta wake. Lakini Morgan na wenzake wasingesubiri bure hadi wafungiwe mtaani.

Arnold naye alitangulia mbele upande wake, akaumia, na shambulio lake likaendelea. Tofauti ilikuwa moja: nyuma ya Arnold alikuwapo Morgan.

Baada yake

Asubuhi ya pili yake watu wa Carleton walikuta mkono umetokeza juu ya theluji pale Près-de-Ville. Wakafukua. Mfungwa wa Kimarekani akamtambua. Carleton, aliyekataa hata kuigusa barua yake, aliagiza azikwe kwa heshima za kijeshi, tarehe 4 Januari 1776, karibu na lango la St. Louis. Tarehe 9 Desemba Kongresi ilikuwa imempandisha kuwa meja jenerali; habari hiyo haikumfikia.

Arnold aliendelea kuuzingira mji na waliobaki. Mei 1776 meli za Uingereza zilifika, kama ilivyotarajiwa, na Wamarekani wakakimbia. Jenerali John Thomas, aliyetumwa kuliongoza jeshi hilo, alikufa kwa ndui Juni mwaka huohuo.

Kule London, Burke, Barré na Fox walimlilia rafiki yao katikati ya Bunge lililokuwa likiendesha vita dhidi yake. Waziri Mkuu, Lord North, alikubali kwamba Montgomery alikuwa jasiri, hodari na mwenye utu, lakini akasema alibaki kuwa mwasi. Fox akamjibu kwamba jina la mwasi si aibu, kwani wote waliopigania uhuru katika kila zama waliitwa hivyo.

Janet hakuolewa tena. Mwaka 1818 mifupa ya mumewe ilifukuliwa Quebec. Mzee James Thompson, aliyesimamia mazishi ya mwaka 1776, alikuwa bado hai na ndiye aliyeonyesha mahali. Ililetwa kwa meli ya mvuke kwenye Mto Hudson kwenda kuzikwa St. Paul's Chapel, New York. Gavana alimjulisha Janet siku meli itakapopita mbele ya nyumba yake. Aliomba aachwe peke yake barazani. Alikuwa na umri wa miaka 70 na zaidi, na walikuwa wameagana mwaka 1775 baada ya ndoa ya miaka miwili. Meli iliposimama mbele ya nyumba na bendi kupiga wimbo wa maziko, waliokuja kumtazama walimkuta amezimia.

Na ile kalenda? Siku hiyohiyo ya 1 Januari 1776, George Washington nje ya Boston alikuwa akiagana na jeshi moja na kuandikisha jingine mbele ya adui, kwa sababu ya mikataba ileile. Mwisho wa mwaka 1776 ikamkuta tena, siku chache kabla mikataba haijaisha, naye akavuka Mto Delaware usiku wa Krismasi kuishambulia Trenton, katika theluji na mvua ya barafu. Yeye alifanikiwa. Tarehe 16 Septemba 1776 Kongresi ilikuwa imeamua kwamba askari wapya waandikishwe hadi mwisho wa vita, wapewe dola 20 na ekari 100 za ardhi. Montgomery alikuwa ametimiza miezi minane kaburini karibu na lango la St. Louis.